Namba Niliyoifuta kwa Tupa

Namba ilikuwa imegongwa vibaya. Nalitaja hilo kwanza, ingawa halinisafishi. Chini ya fremu, pale mabomba ya chuma yanapokutana na ekseli ya pedali, fundi fulani wa Ulaya alikuwa amegonga tarakimu sita, na ya nne ilikuwa imeteleza ikapanda juu ya ya tatu kama jino lililoota vibaya. Kila nilipoigeuza baiskeli ile magurudumu juu, jicho langu lilikwenda hapo kabla ya kwenda popote pengine.

Baiskeli haikuwa yangu. Ilikuwa ya tarishi wa ofisi yetu pale Garissa, Msomali wa makamo, mzaliwa wa mji ule, ambaye makarani wote, hata sisi tuliotoka bara, tulimwita Adeer, yaani baba mdogo. Aliinunua kwenye mnada wa vitu vilivyoachwa na ofisa wa Kizungu aliyerudi kwao baada ya uhuru. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, rimu nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Kutu ilikuwa imeila, gurudumu la nyuma limepinda kama tarakimu nane, na cheni imekauka ikasimama kama fimbo. Watu walimcheka. Mimi sikucheka. Niliizunguka mara mbili, nikainama, nikasahau kwamba nilikuwa nimetumwa kuchukua wino.

“Unaitaka?” akaniuliza.

“Nataka kuitengeneza tu.”

“Basi tengeneza. Mimi nitapanda. Kila mtu na raha yake.”

Sikufundishwa ufundi na mtu. Nilijifunza nyumbani kwa kufungua baiskeli ya baba yangu na kushindwa kuifunga, nikachapwa, nikaifungua tena. Pale Garissa nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nalala chumba kimoja cha mabati, na kafyu ilikuwa inatuingiza ndani saa kumi na mbili jioni. Kila mwendo wa lori ulinishtua. Barabarani kulitegwa mabomu, na tulijua majina ya waliokanyaga. Lakini nikiwa nimeshika spana, mikono yangu ilitulia. Nilifunga msumari kwenye uma wa baiskeli, nikazungusha gurudumu polepole, na kila rimu ilipougusa msumari nilikaza spoki moja na kulegeza nyingine. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne, na Adeer alikuwa akija kunitazama kabla ya kafyu.

“Wallahi wewe ni mgonjwa,” aliniambia siku ya tatu. “Rimu iko sawa tangu jana.”

“Bado inacheza, Adeer. Angalia hapa.”

“Mimi naona rimu. Wewe unaona nini?”

“Unene wa karatasi moja.”

“Karatasi!” Alicheka mpaka akashika mlango. “Siku utaoa, mke atalala njaa. Wewe utakuwa unanyoosha sufuria.”

Rimu ilipomalizika nikaanza kuondoa rangi ya zamani, na hapo ndipo nilipokutana na namba uso kwa uso. Nilijua ni ya nini. Wakati ule kila baiskeli ilikuwa na kadi ya leseni, na kwenye kadi imeandikwa namba ya fremu, na askari wa vizuizini waliinama kulinganisha, kwa sababu ilisemekana shifta, waasi wa vita vile, wanapelekeana habari kwa baiskeli. Nilijua yote hayo. Nikajiambia kadi ipo, namba iko kwenye kadi, yatosha. Nikajaza risasi iliyoyeyushwa kwenye yale mashimo, nikashika tupa, nikapiga taratibu mpaka chuma kikawa laini kama kijiko. Nilipitisha kidole nikafurahi. Kisha nikapaka rangi ya kijani tabaka tatu, na sikumwambia Adeer neno.

Kulikuwa na namba nyingine, tarakimu zilezile sita. Iligongwa kwenye bomba la uma, lile linaloingia ndani ya fremu na kufunikwa na grisi, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Nilikusudia kuifuta hiyo pia, lakini msasa ulikuwa umeniishia, na msafara wa malori ulioleta bidhaa kutoka bara ulikuwa umekwama njiani kwa ajili ya bomu. Nikaacha. Au nilidhani niliacha. Malori yalifika baadaye, nikanunua msasa, na uma ulikuwa bado haujaingizwa.

Adeer aliipanda wiki tatu. Alikuwa mrefu, magoti yake yakipita usukani, kanzu ameikunja kiunoni, na watoto wa bula, mtaa wake, walimkimbilia nyuma wakipiga kelele. Mimi nilisimama dirishani nikisikiliza kama kuna kitu kinagonga. Hakuna kilichogonga.

Siku ya tukio, saa tatu asubuhi, mlinzi wa ofisi aliingia bila kubisha.

“Adeer ameshikwa kwenye kizuizi cha darajani. Wamegeuza baiskeli hawakuona namba. Wanasema ni ya shifta, namba imefutwa makusudi.”

Karani mwenzangu akauliza watampeleka wapi.

“Lori la saa kumi. Wanapelekwa bara kuhojiwa.”

Watu wawili tuliowajua walikuwa wamepandishwa lori la saa kumi miezi iliyopita, na wake zao bado walikuwa wakija ofisini kuuliza.

Kutoka ofisini hadi darajani ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Ningefika kabla ya saa nne. Sikwenda. Nilivuta taipureta, nikaingiza karatasi, nikaanza kuandika barua ya kueleza kwamba mimi, karani fulani, ndiye niliyefuta namba kwa sababu za kiufundi. Niliona “sababu za kiufundi” hazisikiki vizuri. Nikaanza upya. Mara ya pili nilikosea herufi kwenye mstari wa mwisho, na badala ya kuisahihisha kwa kalamu nikachana karatasi nzima. Mara ya tatu pambizo ya kushoto ilikuwa pana mno. Nilijidanganya kwamba nalitetea jambo la Adeer kwa barua safi, wakati ukweli ni kwamba niliogopa kukaa chini pale alipokaa. Anayefuta namba ndiye mwenye kosa. Barua ya nne ilipotoka bila doa ilikuwa saa nane na nusu.

Nilifika darajani jua likichoma kichwa. Adeer alikuwa amekaa mchangani na wanaume wengine sita, viatu vyao vimewekwa safu moja mbali nao. Midomo yake ilikuwa imekauka. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye magunia ya mchanga, inang'aa, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokiona ni mkwaruzo mpya kwenye rangi.

“Unataka nini?” akauliza sajini.

“Nimekuja kwa ajili ya baiskeli hii, afande.”

Alisikia lafudhi yangu, akanigeuzia lugha ya kwetu. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Alipajua. Alipajua hata kisimani.

“Sasa kijana,” akasema kwa sauti ya chini, ya wema kabisa, “wewe ni wa nyumbani. Mambo ya hawa watu yaache. Rudi ofisini. Mimi sikukuona.”

Niligeuka. Nilipiga hatua mbili kuelekea mjini. Naziandika kwa sababu nilizipiga, na Adeer aliziona. Hakuniita. Aliinamisha uso tu, kama mtu anayempisha mwenzake apite bila aibu. Nadhani angepaza sauti ningeendelea kutembea.

Nikarudi. “Afande, namba niliifuta mimi.”

“Kwa nini?”

Barua ilikuwa mkononi, aya tatu za sababu. Kilichonitoka mdomoni ni hiki: “Ilikuwa imepinda.”

Askari mmoja akaangua kicheko. Sajini hakucheka.

“Mtu anafuta namba ya baiskeli, wakati wa vita, kwa sababu imepinda?”

Hapo ndipo Adeer aliposema kutoka mchangani, sauti imekwaruza kwa kiu. “Sajini, wallahi huyo anaweza. Huyo alikaa siku nne na rimu moja. Uliza mji mzima.”

“Nyamaza wewe.”

“Kuna namba nyingine,” nikasema. “Iko ndani. Nipe nafasi niifungue.”

Lori lilikuwa limeshageuzwa, dereva anajaza maji kwenye rejeta. Sajini alitazama saa yake, akasema nina muda mpaka lori liwashwe. Nikapiga magoti, nikatoa spana mfukoni. Nati inayoshika uma niliikaza mwenyewe, kwa nguvu zangu zote na kipande cha bomba juu ya spana, ili isilegee maisha yake yote. Haikutoka. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Na kichwani kulikuwa na jambo moja tu: ule msasa mpya. Nilijiona wazi nikiusugua pale kwenye bomba. Nilijiona wazi pia nikiuweka kabatini. Zote mbili zilikuwa kumbukumbu zangu, na sikuweza kujua ipi ni ya kweli.

Injini ikanguruma. Nikasimama juu ya spana kwa mguu, nati ikalia, ikazunguka. Nikavuta uma, na gololi zote nilizozipanga moja moja kwenye grisi zikamwagika mchangani.

“Nipe kitu cha kufutia,” sajini akasema. Nikampa barua. Hakuifungua. Alifuta grisi nayo, polepole, akalisogeza bomba kwenye jua.

Tarakimu zilikuwepo. Alizisoma moja moja, na askari mwenye kadi akaitikia moja moja, zote sita. Zilikuwa zimegongwa zikanyooka vizuri kabisa.

Sajini aliirudisha kadi. “Mzee, chukua viatu.” Kisha akanitazama mimi, safari hii kwa Kiswahili: “Na wewe, ukiona kitu kimepinda, kiache.”

Adeer alivaa viatu bila haraka. Aliwaaga wale sita kwa Kisomali, mmoja mmoja, akiwagusa bega. Walipandishwa lori sisi tukiwa bado pale. Mimi nilikuwa nimeinama nikiokota gololi.

“Acha,” akasema.

“Zimebaki tano, Adeer. Haitazunguka bila—”

“Acha, nimesema.”

Tukarudi kwa miguu, yeye amebeba fremu begani, mimi uma na gurudumu la mbele. Karibu na malambo ya maji ya punda akanywa, akaosha uso, akauliza bila kunitazama:

“Mlinzi alileta habari saa ngapi?”

Ningeweza kudanganya. “Saa tatu.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa naandika barua.”

“Ile ya kufutia grisi?”

“Ndiyo.”

Fremu akaiacha mlangoni kwangu. Kesho yake nilinunua gololi, nikaifunga baiskeli, nikampelekea kwake. Alikuwa anasubiri na kadi yake na msumari wa inchi nne. Akailaza baiskeli begani mwangu, akachagua bomba la juu, katikati kabisa, mahali ambapo hata mtu wa ng'ambo ya barabara angeona, akaanza kukwaruza namba juu ya rangi yangu. Tabaka zote tatu zilibanduka. Chuma kilipiga kelele. Tarakimu zake zilikuwa kubwa, kila moja na kimo chake, na ya nne ikaanguka upande.

Mkono wangu ulisogea wenyewe.

“Shika vizuri,” akasema. “Usitikise.”

Nikashika.