Tulipoenda Kutafuta Mwangwi

Katika shule zetu za Nyeri, mtoto hukariri majina ya sauti kwa Kiingereza kabla ya kuzisikia hizo sauti zenyewe. Sarafu hufanya "jingle", majani makavu "rustle", kengele za kanisa kubwa "peal". Mwalimu anauliza, darasa linaitikia kwa pamoja, na hakuna anayejali kama yupo aliyewahi kuitegea sikio kengele ya namna hiyo. Nasema hivi mimi mwenyewe nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi, na siku hizi sitaki hata kuliona kitabuni.

Binti yangu wa pekee alilikariri kuliko wote. Alikuwa gredi ya tano, na katika kila jaribio la majina ya sauti alipata yote. Kwa hiyo alipoanza kuniuliza "ati?" kila niliposema jambo jikoni, tulidhani ni ukaidi wa umri. Daktari wa masikio ndiye aliyetuambia kwamba usikivu wake unapotea na hautarudi. Baba yake akamjibu kwa hoja ambayo ni sisi tu tungeweza kuitoa.

"Lakini daktari, huyu mtoto iko sawa. Hizo sauti zote anajua, hata echo anajua."

Daktari hakucheka. Alisema mashine za masikioni zitamsaidia kwa muda, ila muda wenyewe hangeweza kuukisia. Siku hiyo nilisonga ugali nikasahau kabisa mboga, na hakuna aliyeniuliza.

Nilikata shauri kwamba kila neno la sauti alilokariri, lazima alisikie hata kama ni mara moja, mlango usije ukafungwa akiwa na maneno matupu. Jumamosi tukawa tunatoka wawili. "Rumble" tulilipata kando ya barabara ya Majengo, lori la mchanga likipanda. "Muffled" tulilisikiliza nje ya kanisa letu, kwaya ikifanya mazoezi ndani na madirisha yamefungwa. Kwa "fade" tulisimama barabarani pikipiki ikiteremka kuelekea mtoni, nikamwambia ainue mkono, aushushe sauti ikiisha. Aliushusha mapema mno. Mimi bado niliisikia pikipiki ile, na nikaendelea kuisikia mpaka ikavuka daraja.

Watu walinichosha. Akina mama wa ushirika wa kanisani walikuja kutuombea, wakanywa chai, wakasema Mungu hamwachi mja wake, na mimi nikawatazama kwa hasira ambayo hawakustahili. Shuleni ilikuwa vivyo hivyo. Siku moja mwalimu mwenzangu alikuwa akilalamika kuhusu mwanafunzi mmoja mtoro, akasema kama watu wasemavyo kila siku, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilifunga vitabu vyangu nikatoka. Nilienda kulia nyuma ya tangi la maji, mimi mtu mzima, na hakuwa amenikosea chochote.

Echo, yaani mwangwi, tulikuwa tumeiacha, kwa sababu mjini haipatikani. Binti yangu ndiye aliyenikumbusha. Wakati huo mashine hazikumtosha tena; nilikuwa nikiinama karibu na sikio lake la kushoto ili anipate, au nikisimama mbele yake aisome midomo yangu.

"Mum, tumebakisha echo," alisema. "Hiyo niko nayo kwa kitabu tu."

Nilikumbuka machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya mji. Ukisimama ukingo wa bonde, ng'ambo kuna ukuta mrefu wa jiwe uliokatwa wima. Tulifika jua likiwa limetoka na mlima ukiwa wazi. Hapakuwa na upepo. Nilijaribu kwanza mimi, na ukuta ukanirudishia kwa uzuri ulionifanya nimshukuru Mungu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikamweleza taratibu: unaita, unanyamaza, unangoja.

Alivuta pumzi akaita, "Mami!"

Kisha hakungoja. Aligeuka pale pale, meno yote nje.

"Nimeskia, mum. Imerudi vizuri sana."

Sauti yake ilikuwa bado ikivuka bonde. Ndipo ikarudi. "Mami," ukuta ukaita, kwa sauti nyembamba, wazi, kama alivyokuwa akiniita langoni alipokuwa mdogo. Nilikuwa namtazama usoni na hakuna kilichobadilika, wala jicho halikucheza. Alikuwa ananichunguza tu mimi, aone kama nimefurahi.

"Na wewe umeskia?" akauliza.

Nilisimama mbele yake aione midomo yangu, nikamwambia ndiyo, nimeisikia.