Muthoki na Ushuru wa Ndengu

Muthoki wa kijiji chetu cha Nuu ni jirani yangu, na nitamsifu bila aibu. Kwa miaka kumi na mmoja ameongoza mwethya wetu, kikundi cha kuchimbiana matuta shambani, kwa sheria moja: hakuna anayeinua jembe kabla kila boma halijaitwa na kujibu. Ukikosa, unafuatwa mpaka mlangoni.

Mwaka jana ulikuja mswada wa kupandisha ushuru wa ndengu zinazotoka nje ya nchi. Sisi tunaishi kwa ndengu. Za nje zikijaa sokoni wakati wa mavuno, zetu zinauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka juzi Muthoki aliuza zote na bado Mutanu, binti yake, akarudishwa nyumbani kwa karo. Kwa hivyo mbunge alipokuja kanisani akaomba wanaounga mkono wainue mikono, tuliinua wote. Muthoki aliiacha yake mapajani. Nilidhani amesinzia.

"Mheshimiwa, umesikia nusu," akasema. "Abdinoor na watu wake hawaingii hii church, na wao pia wanakupigia kura. Kesho wakikupigia simu utageuka. Tunakujua."

Nilimkasirikia, nakiri. Abdinoor ndiye mwenye duka kubwa hapa, na ndengu zake nyingi ni za nje. Lakini Muthoki alimfuata dukani, nasi tukaenda nyuma yake tukinung'unika.

"Mama, mimi sipingi nyinyi," Abdinoor alisema. "Lakini zenu zikiisha, kiangazi kikija, wafugaji wanaonunua kwangu watakula nini? Ushuru wa mwaka mzima utawaumiza."

Tulibishana hadi chai yake ikapoa. Mwishowe Muthoki akauliza, "Na ushuru ukiwa wa miezi ya mavuno peke yake?"

"Hiyo hata mimi nitasign," Abdinoor akasema.

Barua ya kuomba hivyo ilienda kwa mbunge na majina ya kanisani na ya msikitini kwenye ukurasa mmoja. Mbunge wetu, ambaye siku za kura ngumu huwa mgonjwa, safari hii alikuwa mzima kabisa. Tulimsikia kwenye redio ya Abdinoor akisoma pendekezo letu, kisha akilipigia kura ya ndiyo. Likapita. Nilijivunia Nuu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Jumamosi kwenye mwethya, Muthoki aliita maboma kama kawaida. Mwisho akaongeza moja.

"Boma la Abdinoor?"

"Niko," akajibu mwenye duka, akisogea na jembe ambalo bei ilikuwa bado imebandikwa kwenye mpini.