Kitenge cha Mwenye Sauti

Akwero alipata kazi kwa simu. Hajji Abdul-Latif alikuwa na kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo kutoka Makindye hadi Kongo, naye alitafuta mtu wa kuzungumza na wateja Wakongomani kwa Kiswahili. Wengi aliowajaribu walikwama kwenye sentensi ya pili. Akwero hakukwama. Baba yake alikuwa sajenti wa polisi, Mwacholi wa Kitgum, na yeye alikulia katika kambi ya polisi ya Naguru, ambako watoto wa makabila yote walitukanana na kupatana kwa Kiswahili. Hajji alimsikiliza dakika tano tu.

"Binti, sauti yako inavuta watu. Jumatatu njoo uanze."

Jumatatu alifika na gongo lake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyauka tangu akiwa na miaka mitatu, alipochomwa vibaya sindano ya malaria. Hajji alilitazama gongo, kisha akamtazama usoni.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, Hajji."

Hajji akakohoa. "Kazi ipo, sikunyimi. Ila utakaa kule nyuma. Mteja akiingia anataka kuona mtu wa kupendeza. Si ubaya, mwanangu. Ni biashara."

Kule nyuma kulikuwa na stoo. Akawekewa meza katikati ya marobota, simu mbili na daftari. Mezani mbele akakaa Nuriat, msichana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye tabasamu la haraka.

Akwero angeweza kumchukia Hajji. Lakini Hajji alikuwa mbali, na Nuriat alikuwa karibu, nyuma ya mlango wa mbao. Kila asubuhi alisikia viatu vyake vikigonga sakafu, ko, ko, ko, na roho ikamuuma. Kwake yeye, kununua viatu kulikuwa na hesabu yake: miguu yake haikulingana, kwa hiyo alinunua jozi mbili za saizi tofauti na kutupa nusu. Alijua rangi ya kila kiatu cha Nuriat. Alijua siku aliyobadilisha nywele. Alijua kwamba wanaume waliokuja kuchukua risiti walikaa dakika kumi zaidi ya haja.

Kibaya zaidi, Nuriat alikuwa mwema. Mchana alileta rolex mbili, chapati zilizokunjwa na mayai bado za moto, akakaa juu ya robota wale pamoja, wakiongea kwa lugha ya mjini, maana Kiswahili cha Nuriat kiliishia kwenye salamu. Akwero alikula, akashukuru, na alipobaki peke yake alichukia kwamba amekula.

Siku moja akaja Mama Exaucée, mfanyabiashara wa nguo kutoka Butembo. Kwa miezi saba yeye na Akwero walikuwa wakizungumza kwa simu karibu kila juma: mizigo, mvua za mpakani, hata harusi ya mwanawe. Hawakuwahi kuonana. Akwero akasikia sauti yake mbele na moyo ukamruka. Akanyoosha mkono kushika gongo.

"Niko natafuta ule mama wa simu," Mama Exaucée alisema. "Nimemuletea kitenge."

"Ndiye huyu," Hajji akajibu upesi.

Kisha Nuriat akasema, "Asante, Mama."

Akwero akakaa tena.

Baadaye Nuriat akaingia stoo na kitenge mkononi, cha kijani chenye ndege wa manjano. "Hajji alinikonyeza, ningefanyaje? Chukua wewe. Au tugawane."

"Umepewa wewe. Shona."

Alitaka abembelezwe mara ya pili. Nuriat hakubembeleza. Ijumaa alikuja amevaa gauni la kijani, na ndege wa manjano walimkaa mwilini kana kwamba walichorwa kwa ajili yake. Kutwa nzima Akwero hakuweza kuandika mstari mmoja bila kuukosea.

Wiki mbili baadaye Mama Exaucée, aliyekuwa bado mjini akinunua nguo, akapiga simu akilia. Marobota yake mawili yamepelekwa Beni badala ya Butembo. Akwero alijua kosa liko wapi. Karatasi ilikuwa mbele yake. Angeweza kulimaliza palepale.

"Njoo ofisini kesho, Mama," akasema. "Utanikuta mezani mbele."

Alijua anachofanya. Usiku ule alilala vizuri.

Kesho yake Mama Exaucée akaingia akizungumza Kiswahili cha Kongo, mbio kama mvua. Nuriat akajaribu. "Mama... mizigo iko... iko fika..."

"Iko fika wapi? Si wewe ulisema nikuje?"

Nyuma ya mlango Akwero alisikiliza, karatasi mkononi, na akaona utamu. Mlango ukafunguliwa. Nuriat alikuwa na machozi.

"Akwero, nisaidie, bambi, nakuomba."

"Si wewe mwenye sauti?"

Nuriat alisimama tu pale na gauni lake la kijani, na utamu ule ukaisha. Akwero akachukua gongo, akatoka.

"Mama Exaucée, pole. Marobota yako yameonekana. Yanafika Alhamisi."

Mama Exaucée akageuka. "Njo sauti ile, ndiyo yenyewe!" Akalitazama gongo, akalitazama gauni, kisha akamgeukia Hajji. "Baba, huyu ulimuficha juu ya nini?"

"Mama, unajua wateja..."

"Mimi njo mteja. Na wenzangu wa Butembo ni wateja. Ukimuficha tena, tutapeleka mizigo kwingine."

Jumamosi meza ya mbele ikawa ya Akwero. Nuriat akafukuzwa, kwa kuwa eti alimdanganya mteja. Hajji alisema hayo bila kupepesa macho, ilhali uongo ulikuwa wake mwenyewe. Akwero alikuwapo. Hakusema neno.

Siku nane baadaye alisikia Nuriat ameajiriwa na kampuni kubwa ya mjini. Siku nane! Yeye Akwero alibisha milango miaka mitatu kabla ya kufika kwa Hajji, na walinzi walimpa sarafu getini wakidhani amekuja kuomba. Wivu ukamrudia upya, mkali kuliko wa kwanza. Ulimsumbua hadi akampigia simu.

"Ulijua nitashindwa siku ile," Nuriat alisema.

"Nilijua. Nisamehe. Na Hajji alipokufukuza nilinyamaza."

"Na mimi nilivaa kitenge chako."

Kisha Nuriat akasema kazini kwake wanatafuta mtu wa pili, wa Kiswahili. "Nimewatajia jina lako. Wameniuliza kama uko sawa, mwili na sura."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia wakuite waone wenyewe."

Wiki ya tatu sasa, hawajapiga. Akwero bado anakaa mezani kwa Hajji. Mara mbili amefungua namba ya Nuriat ili amuulize, na mara mbili ameiweka simu chini, kwa kuwa hataki kusikia kazi ile ilivyo nzuri.