Sahani ya Mama Dahaliani

Mimi nilikuwa mtu wa kutaka mlango. Si mlango wa nakshi, huo kwetu ulikuwepo, na watalii wakisimama mbele yake kupiga picha mpaka mama anashindwa kutoka kwenda sokoni. Nilitaka mlango wangu mwenyewe, wa mbao za kawaida, wenye kitasa na ufunguo wangu. Nimekulia Mji Mkongwe, katika nyumba ya urithi, chumba kimoja na mama, na kabati katikati eti ndiyo ukuta. Nikisoma, mama anaendesha cherehani. Nikilala, redio. Nikikasirika, na hasira zangu hazikai mbali, sina hata pembe ya kwenda kununia.

Basi chuo kilipotangaza kwamba kinatafuta wanafunzi wa kuwaangalia wenzao dahaliani, yaani bwenini, nilikuwa wa mwanzo kugonga. Dahalia ya wanawake ilikuwa nje ya mji, njia ya kusini. Ilikuwa na mlezi mkubwa, mama mtu mzima aliyeajiriwa, na chini yake wanafunzi wa miaka ya juu, mmoja kila ghorofa. Cheo chetu kilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelitumia. Wasichana walituita walezi wadogo, na ukipita ukumbini utasikia "Dada Mlezi!" hata na aliyekuzidi umri. Kazi yenyewe ni kumfikisha mgonjwa hospitali, kuamua ugomvi wa kamba ya kuanikia, na kuhakikisha majiko yamezimwa. Ujira wake ni chumba cha peke yako.

Mlezi mkubwa alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe kwenu mjini hapo. Dahalia unaitakia nini?"

"Nataka utulivu wa kusoma, Bi Mkubwa."

"Haya. Lakini nkwambie mapema, usije ukanililia. Ikifika Ramadhani, Magharibi hutoki. Alasiri ikikukuta humu, Isha ikukute humu humu."

Akanieleza sababu. Wasichana hupika futari wenyewe katika jiko la kila ghorofa, na adhana ikilia kila mmoja hukimbilia tende yake, mafuta yakabaki motoni. Siku moja pazia liliwaka, likazimwa kwa ndoo ya uji. Tangu hapo mlezi mdogo hana ruhusa ya kufuturu pengine. Mimi nikaitikia huku nacheka. Ramadhani ilikuwa mbali, na ufunguo ulikuwa mezani mbele yangu.

Mama nilipomwambia hakunyanyua macho kwenye cherehani. "Umenikimbia."

"Mama, ni hapo tu, gari moja."

"Kisiwa cha Changuu nacho nakiona kwa macho. Nenda kwa miguu basi."

Nilihama na godoro na birika. Siku za mwanzo nilifunga mlango na kufungua, nikafunga tena, kwa raha ya kusikia kitasa. Sikumkumbuka mama hata kidogo, na nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa.

Kisha, Ramadhani ikikaribia, kaka yangu alisimama getini na vespa yake. Wanaume hawaingii dahaliani, kwa hiyo habari zote za kwetu nilizipokelea pale getini, karibu na pipa la taka. Akaniambia warithi wamekubaliana. Paa linavuja, ukuta wa nyuma umepasuka, hakuna wa kuutengeneza, na amepatikana mtu wa kuigeuza nyumba hoteli. Idi ikimalizika kila mtu awe ametoka. Mama atahamia kwake Chukwani, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo.

"Kwa hiyo hii ndiyo Ramadhani ya mwisho pale?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii."

"Na wewe unanambia hivyo hivyo, kama unanambia bei ya nyanya!"

"Sasa nilie, dada? Niko kazini."

Akawasha vespa yake akaenda zake. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango wangu, na kwa mara ya kwanza kile chumba nikakiona kidogo.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: nifuturu mara moja ndani ya nyumba yetu kabla haijafungwa. Kwetu tulifuturia ukumbi wa juu, juu ya mkeka, dirisha wazi. Misikiti ya karibu haiadhini kwa pamoja. Mmoja huanza, wa pili ukafuata, na wa tatu, wa nyuma ya nyumba yetu, huwa wa mwisho, kwa sababu mwadhini wake ni mzee na ngazi zinamshinda. Sisi watoto mkono ushafika kwenye tende, mama husema, "Ngojeni wa kwetu." Wenzetu mtaa mzima wanatafuna, sisi tunangoja wa kwetu. Nilikuwa nikikasirika! Mwaka ule ningengoja hata mpaka Isha.

Mama, kwa kujua sitoki, akaanza kuniletea yeye. Ijumaa ya mwanzo kaka alifika getini na sahani ya kauri yenye maua ya buluu, imefunikwa kawa la ukili alilolisuka bibi. Chini ya kawa mna mkate wa ufuta, ndizi mbivu za nazi na kaimati. Sahani ile naijua tangu sijaota meno. Ndiyo iliyokuwa ikienda kwa majirani kila Ramadhani, na ilikuwa hairudi tupu hata siku moja. Ukipelekewa futari, sahani ya watu unairejesha na chochote, hata kama ni chumvi au ndimu mbili. Mkono mtupu haulambwi, na sahani tupu, kwetu, ni maneno mazito.

Ijumaa hiyo nilikuwa kwenye sala ya Alasiri. Aliyepokea sahani alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Bukoba, Mkristo, mpole, mwenye adabu kupita kiasi. Akaona kaka yangu anangoja. Akahamishia futari kwenye bakuli letu, akaiosha sahani kwa sabuni, akaipangusa ikang'aa, akamrudishia kwa mikono miwili na asante juu. Na kaka yangu, mwanamme yule, akaichukua!

Ijumaa ya pili sahani haikuja. Nilikaa dirishani mpaka adhana, nikafuturu tende na maji, nikampigia mama.

"Naam," akaitika, naam baridi.

"Mama, shikamoo. Leo mbona kimya?"

"Marahaba. Nlete kwa nani? Sahani imenirudia tupu, nkajua mwanangu keshakuwa na kwake."

"Tupu? Mama, wallahi mimi..."

"Imeoshwa na sabuni, tena ya harufu."

Nilitoka chumbani nimefura. Yule wa Bukoba nilimkuta jikoni anapepeta mchele, nikamwambia maneno ambayo mfungaji hayasemi hata akishafuturu. Maskini alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka. "Dada Mlezi," akasema, "kwetu ukirudisha chombo cha mtu kichafu ndiyo umemtukana."

Ijumaa ya tatu, baada ya mama kuelezwa, kuapiwa na kubembelezwa, sahani ilirudi. Safari hii yule wa Bukoba alisimama getini kabla yangu. Alikwenda chumbani kwake akarudi na alichonacho cha thamani, alicholetewa kutoka kwao, akakijaza kwenye sahani na kufunika kawa. Sikukiangalia. Mama akanipigia kabla kaka hajamaliza kuegesha vespa.

"We mtoto! Umenletea panzi?"

"Panzi?"

"Panzi, mwanangu! Wamekaangwa, wana macho, wanantazama!"

Walikuwa senene. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakula mpaka alipokwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akaambiwa ni halali na hakuna neno. Baadaye alinipigia tena, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri. "Mwambie huyo mtoto wa watu, wana ladha ya karanga. Lakini asilete tena."

Ilibaki Ijumaa moja. Nilikwenda kwa mlezi mkubwa, na ndiyo, nilimlilia, kama alivyonikataza. Nikamweleza nyumba, nikamweleza mama. Akasema sheria ni sheria, jikoni lazima awepo mtu ambaye adhana haitamtoa. Nyuma yangu sauti ikasema, "Mimi sifungi, Mama. Nitakaa jikoni mimi." Alikuwa yule wa Bukoba, nisiyemwomba kitu, niliyemtolea maneno yale. Mlezi mkubwa akatutazama kwa zamu. "Nenda," akanambia. "Jioni moja, na Isha uwe humu."

Sikumwambia mama. Nilitaka nimshitue, nimsikie kutoka juu akiuliza "Nani?" nami nijibu "Mimi," kama zamani nikitoka chuoni kusoma Kurani. Magharibi ikikaribia nilifika sokoni Darajani, nikanunua tende nzuri, nikapita vichochoro karibu nakimbia. Harufu za futari zilikuwa zikitoka kila dirisha.

Nikagonga, nikapiga hodi, nikangoja. Nikapiga hodi tena. Ndipo nilipoiona kufuli. Kufuli kubwa, mpya, kwenye pete ya mlango ambao sijapata kuuona umefungwa kwa nje katika maisha yangu.

Nikapiga simu. Ikapokelewa katika makelele ya wasichana na sufuria.

"Mama, uko wapi?"

"Wewe uko wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wetu, mama. Wetu!"

Akasema, taratibu, "Mimi niko kwako, mwanangu."

Kumbe kaka yangu alikuwa amepata kigari cha mizigo siku hiyo, akahamisha vyombo vya mwisho. Mama alipika futari yake ya mwisho katika jiko lile, kisha akaona hawezi kuila peke yake na kuta, akapanda mbele na sinia mapajani. Chukwani ingengoja. Aniletee kwanza mimi, anishitue. Wote wawili tulitaka kushituana. Kaka alijua la mama, hakujua la kwangu.

Jirani wa mkabala alifungua dirisha. "Ingia ndani, mwanangu, ufuturu na sisi, utafuturuje njiani?" Nikamshukuru, nikakataa. Akaniteremshia bilauri ya maji. Nikakaa kwenye baraza yetu, mgongo kwenye mlango, na tende zangu. Msikiti wa mwanzo ukaadhini. Wa pili ukafuata. Kichochoro chote kikawa kimya, watu wanakula. Nikangoja wa kwetu. Mzee alichelewa zaidi kuliko nilivyomkumbuka, au mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kulia. Aliposema Allahu Akbar, nikaitia tende mdomoni, nikalia huku natafuna. Hapo ndipo nilipofuturia kwetu kwa mara ya mwisho, nje.

Kupata gari saa ya futari si mchezo, mji wote uko ndani. Nilifika dahaliani Isha inakaribia. Mama alikuwa amekaa mkekani ukumbini mwa ghorofa yangu, wasichana wamemzunguka, sinia limebaki miiba ya samaki. Yule wa Bukoba alikuwa kweli jikoni, amesimama mbele ya majiko kama askari. Fungu langu lilikuwa pembeni, kwenye sahani ya maua ya buluu, chini ya kawa.

Nilimwamkia mama, nikala, yeye akinitazama. Nilipomaliza alitaka kuona chumba. Akasimama kizingitini, akaangalia kitanda, meza na birika. Akakizungusha kitasa, akafunga mlango, akafungua.

"Ndicho hiki ulichonikimbilia?"

"Ndicho hiki, mama."

"Kina mlango mzuri," akasema, na sikujua kama ananitania.

Kaka alipopiga honi, nilimsindikiza mpaka getini. Wasichana walikuwa wameshaijaza sahani: huyu maandazi, huyu embe, yule wa Bukoba kahawa ya kwao, maana panzi amekatazwa. Nikampa mama. Akachukua maandazi, embe na kahawa, akavitia kwenye kanga yake na kuvifunga vizuri. Kawa akalitia kwapani. Sahani akanirudishia mikononi.

"Baki nayo."

"Mama, hii haijapata kubaki kwa mtu."

"Sahani hurudi ilikotoka," akasema. "Na ilikotoka leo nimepafunga mwenyewe."

Akapanda kigarini pamoja na masufuria yetu, hakugeuka. Nikabaki pale getini karibu na pipa, nimeishika kwa mikono miwili, nikitamani kumkimbilia, nikitamani hata lile kabati letu la katikati ya chumba. Kisha kutoka juu, dirisha la jikoni, wakaniita, "Dada Mlezi! Jiko hili halizimiki!" Nikaitika naam, nikaingia ndani na sahani yangu.