Shangazi Aliyelala Uani

Nilikuwa dukani kwangu Kariakoo, nabishana na mteja juu ya kitenge anachodai kinachuja rangi, na kweli kinachuja, simu ikaita. Mtoto wa kaka yangu, yuko kijijini kwetu Rufiji.

"Shikamoo shangazi. Tunachimba choo nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

"Marahaba. Hapo msichimbe. Kalala mdogo wangu."

"Shangazi nawe, hapa pana migomba tu."

Surua ilimchukua hata meno hajamaliza kuota. Watoto wachanga kwetu walizikwa uani, na mama akamfukia kichwani bakuli lake la uji, mdomo chini. La bati, lina maua. Mimi nililitaka lile bakuli, na nililililia kuliko nilivyomlilia mtoto. Utoto ndivyo ulivyo.

"Fukua kwa mkono, upande wa kisima," nikamwambia. "Utaliona bakuli la bati."

Alipopiga tena, sauti ilikuwa imeshuka. Bakuli wameliona, wamelifunika, choo wanakihamishia ng'ambo ya nyumba.

"Sasa huyu mtoto tumwite nani?" akauliza, mtu mzima na ndevu zake.

"Mwite shangazi," nikamwambia, "na ukipita hapo umpe shikamoo."