Nyayo za Kanga Ndani ya Kaseti

Siku tuliyoanza kufumua kikapu cha mama walikuwepo hawa: mama yetu Raheli, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, Elisante, mdogo wangu, fundi redio wa Singida mjini, Yunisi, kitinda mimba wetu, mwalimu wa kwaya hapa Kinampanda, na jirani yetu Mama Salome, aliyekuja kuomba chumvi akakaa mpaka jioni. Wa tano ni mimi, mkubwa wao, niliyeshika kisu.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu. Akaivuta kwa vidole viwili, ikakua, ikakua, mpaka ikawa vimiraba vitupu. Akacheka, akasema, bibi, imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, hiyo ndiyo mishono yake. Kisha nikatoka nje.

Kikapu chenyewe mama alikisuka mimi nikiwa mtoto wa kuamia ndege shambani. Kilikuwa kiangazi, uwele umeshavunwa, na ule upepo wetu unaotia mchanga mpaka ndani ya ugali. Tulikaa nyuma ya nyumba, upande ambao upepo haufiki. Kazi yangu ilikuwa kulowanisha milala, yale majani ya kusukia. Ya kuwa nyeusi tuliizika kwenye tope la mbugani, ya kuwa nyekundu tuliichemsha na magome, na nyumba nzima ikanuka uchungu hadi kwenye mlenda. Mama akashona mzunguko juu ya mzunguko, na pambo lake lilikuwa nyayo za kanga, wale ndege wa porini, wanatembea kukizunguka kikapu wote upande mmoja. Mahali pamoja tu, karibu na mdomo, kanga mmoja anageuka na kurudi alikotoka. Mama alilipata pambo hilo kwa bibi yake. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu nilishaijulia pale nyuma ya nyumba. "Usihesabu nyeusi," mama alikuwa akisema. "Hesabu nafasi. Nyeusi itajileta yenyewe."

Basi, ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na majani ya chai yakajaa ndoo na mabeseni ya plastiki, mekundu, ya kijani, mepesi kama karatasi. Mama Salome alinunua beseni mnadani Ikungi akalibeba kichwani bila kitu ndani, ili tulione. Mwaka ule ule wanawake wakaacha kusuka. Sisemi waliacha kidogo kidogo. Waliacha.

Elisante naye akapata chake. Alinunua kompyuta iliyotumika, ya zile za nyumbani: kibao cha vitufe tu, unakichomeka kwenye televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa haina kituo cha kushika huku kwetu, kwa hiyo ilikaa dukani kwake kama kioo cha kujitazamia mpaka kompyuta ilipokuja. Akatuambia inachora picha kwa vimiraba. Akamtazama mama, akatazama kikapu kilichoning'inia juu ya mafiga, cheusi tii kwa masizi, akasema pambo lile tuliingize mle kabla mama hajaondoka nalo. Watoto wa watoto wetu wangelikuta. "Mashine haisahau, dada," aliniambia. Neno hilo ndilo lililonishikisha kisu.

Maana masizi yalikuwa yameficha rangi. Nje huwezi kujua mshono upi mweusi, upi mwekundu. Ukiuvuta tu, upande wake wa ndani unatoka safi kama siku ulipotiwa. Mama tulimwomba, akasema kama kitakuwepo mle ndani, fumueni. Tukafumua Jumamosi tatu. Mimi navuta na kutaja rangi, Yunisi anaweka alama kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, Elisante anasimamia. Mama Salome alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie watoto wa Raheli," akasema, "mnafumua kikapu ili mkione?" Tulimwona mshamba.

Kuchora nako kulikuwa na vita vyake. Mashine ilitoa vyumba vichache kuliko mishono ya mama, na duara likawa ngazi. Elisante alipopunguza, nyayo zikawa kama miiba iliyomwagika. Wiki nzima anahangaika na nyeusi. Nikapanda roli la alizeti kwenda mjini, nikakaa naye pale dukani, nikamwambia aache nyeusi, apunguze nafasi, kila nafasi tatu atoe moja. Akabonyeza, akabonyeza. Kanga wakasimama, wakatembea. Nyekundu ya mama ilitoka zambarau, lakini walikuwa ni wao, na yule mmoja amegeuka. Sijawahi kujisikia msomi kama siku ile.

Tukamleta mama. Tukamkalisha mbele ya televisheni, na sisi wawili tunamweleza kwa pamoja kama watoto. Akasema, "Nionyesheni kwa mkono." Alikuwa anasoma kikapu kwa vidole, unajua, hata kwenye giza. Elisante akamshika mkono akauweka kwenye kioo. Mama akakipapasa kutoka juu hadi chini, taratibu, pembe hadi pembe.

"Kina joto," akasema. "Lakini hakuna mtu humu."

Ningeokota milala ile siku hiyo hiyo, ningeisuka tena. Ilikuwa bado ipo kwenye gunia. Lakini nilikuwa na mashine isiyosahau.

Kumbe mashine yenyewe ukiizima inasahau kila kitu. Picha Elisante alikuwa akiitunza kwenye kaseti, hizi hizi za muziki. Mjini kuna wezi, akanipa mimi nimtunzie. Ilitakiwa kuandikwa juu yake, nami mwandiko wangu nilikuwa nauonea aibu. Nikafanya tunavyofanya sisi: nikaifunga uzi wa mlala mwekundu, mafundo mawili, alama ya kitu cha mama. Nikaiweka kabatini. Ile milala ya guniani nikawashia moto wa uji.

Karibu na Pasaka Yunisi alitafuta kaseti ya kurekodia kwaya. Hakuniuliza, na kwa nini angeuliza, kabati ni la nyumbani. Aliukata ule uzi kwa meno ili iingie kwenye redio, akaisikiliza kwanza. Alipoona nimesimama mlangoni na uso umenibadilika, aliniambia, "Nilijua imeharibika, dada. Ilikuwa inalia kama nyenje." Wale nyenje walikuwa ndio kanga wa mama. Juu yao sasa kulikuwa na sauti ya kwanza na sauti ya pili, wanaimba vizuri sana.

Daftari? Elisante alifungia waya wa shaba, hakuona tena haja yake. Miaka miwili Yunisi na mimi hatukula chungu kimoja. Mama alikuwa akiniuliza, si kila siku, labda tukiwa tunapukuchua mahindi: bado ipo? Nami nikamjibu ipo, mama. Nilimjibu hivyo mpaka wiki aliyokufa, na aliyesema ipo hawezi tena kuuliza hesabu. Elisante akamfuata, kisha Mama Salome, ambaye beseni lake lilipasuka kabla ya msimu wa pili.

Leo vikapu vinauzwa barabarani kwa wageni, vina maua na majina ya watu. Kanga hawamo. Nimejaribu kuwasuka mara nne, vidole vinakwenda vizuri hadi karibu na mdomo, pale yule mmoja anapogeuka. Nadhani ni nafasi tano kabla ya kugeuka. Yunisi anasema saba. Majina ya watu waliokuwepo siku ile ninayo yote, lakini mama hakusema tuhesabu majina. Kama nyumbani kwenu kuna kikapu cha Raheli wa Kinampanda, hata kimetoboka, msikifumue. Hesabuni tu, halafu mniambie nimekosea wapi.