Nilivyokataliwa posa Pongwe kwa sababu ya miwani ya bluetooth

Wakuu, heshima kwenu nyote, wanaochangia na wale wanaopita kimya kimya bila kuacha hata like.

Wale wa kusema chai, leo vikombe wekeni pembeni. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wapo hai na mmoja wao humu anaingia sana. Mengine yote yamenikuta mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Tanga mjini. Usafiri wangu ni baiskeli, na anayeijua Tanga hatashangaa. Naishi na mama yangu, sisi wawili tu, baba alishatangulia mbele ya haki.

Sasa kazi hii simu haikatiki. Mtu friza lake limezima na samaki wamo ndani, atakupigia mara sita kabla hujafika kwake. Mkono mmoja usukani, mkono mwingine simu, na jua la saa saba liko usoni. Nilishaingia mtaroni mara mbili, ya pili nikiwa na mtungi wa gesi mgongoni.

Ndiyo nikanunua hii miwani.

Kwa asiyeijua: ukiiona ni miwani nyeusi ya jua ya kawaida. Spika ziko ndani ya vile vimkono vinavyokaa juu ya masikio. Haizibi sikio, kwa hiyo honi ya bodaboda unaisikia na simu unaisikia. Ina maiki pia. Mtu wa pembeni hasikii kitu labda akuegemee.

Nikiri tu kwamba niliipenda kupita kiasi. Napiga pedeli huku nasikiliza mawaidha, simu ikiingia nagusa kidogo pembeni naongea, safari inaendelea. Ubaya wake ni jasho, na chaji ikiisha inakuwa miwani tu kama nyingine. Upepo ukiwa mkali nao unakufanya upayuke.

Kosa langu lilikuwa moja. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Niliona ni miwani, sasa miwani unaitangaza ya nini?

Turudi kwenye posa.

Kuna binti wa Pongwe, nje kidogo ya mji, nitamwita Rehema. Nilimjua nilipoenda kutengeneza friza la kwao. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, amelelewa na baba yake, mzee mmoja mpole lakini maneno yake machache, pamoja na shangazi yake. Friza lilipona siku ileile, ila mimi nikawa naenda kuliangalia kila wiki. Mnacheka nini? Nanyi mmefanya hayo hayo.

Tulipoelewana nikapeleka barua ya posa kwa njia zote za heshima, kupitia kwa mshenga. Wakaipokea. Wakasema tupeni muda tuulizie.

Kwetu pwani kuulizia siyo mchezo. Upande wa binti wanatuma mtu mtaani kwako. Ananunua kahawa, anasali msikiti wenu, anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Na aliyeulizwa anatakiwa aseme kweli, maana akificha aibu halafu binti wa watu akaumia, hiyo dhambi ni yake. Mimi sikuwa na wasiwasi. Sinywi, sigombani na mtu, swala tano nipo.

Wiki hizo hizo nikaanza kuona mambo ya ajabu nyumbani, nikayapuuza.

Kwanza maji yangu ya kunywa. Kila asubuhi mama ananijazia chupa, na yale maji yakawa yananukia marashi. Nikadhani chupa haijasuuzwa vizuri. Pili, nikirudi chumbani kwangu nakuta harufu ya ubani. Tatu, pale kwenye kibaraza cha kahawa wakawa wananisogelea kidogo tu kunisalimia, kisha wananiachia benchi karibu zima. Nikajisemea, dah, heshima ya mwanaume anayetaka kuoa hiyo.

Nne ndiyo iliniudhi. Nilipata kazi kule milimani Amani, kuna nyumba ya wageni majokofu yao yamegoma. Mama akashika mkoba wangu wa spana akakataa kuuachia.

"Huko msituni usiende, mwanangu. Nakuomba."

Macho yamemjaa machozi. Mimi nikaona ananichelewesha gari. Nikamwambia mama mimi siyo mtoto, nikauvuta mkoba nikaondoka. Hilo mpaka leo nikilikumbuka linaniuma.

Wiki iliyofuata barua yetu ikajibiwa. Wameshukuru sana, wametuombea kheri, lakini kwa sasa binti hawana nia ya kumuoza.

Mshenga mwenyewe hanitazami usoni. Nikampigia Rehema, analia mpaka haeleweki. Nilipombana sana ndiyo akaniambia.

"Shangazi alikuja kwenu. Aliongea na mama yako. Mama yako ndiye aliyesema wasikuoze."

Nilisimama na baiskeli pale pale barabarani. Mama? Huyu huyu aliyekuwa ananiuliza kila Ijumaa nitaoa lini?

Nilifika nyumbani nikiwa na hasira za kuvunja kitu. Mama yuko uani anakuna nazi. Sikumpa hata salamu.

"Mama, umewaambia nini watu wa Pongwe?"

Akaacha kukuna. Hakukana.

"Nimewaambia kweli. Yule mwanamke alinishika mkono akaniuliza kwa haki ya Mungu, kuna jambo la kuficha? Nikamwambia mwanangu hayuko sawa. Nikamwambia asubirishwe kwanza apone, nisimtwike mzigo mtoto wa watu, tena yatima wa mama."

"Sipo sawa vipi?"

Hapo ndiyo akaanza kulia, kilio kile cha mtu aliyekibana muda mrefu.

Kumbe mwezi mzima ananisikia naongea peke yangu. Nafua, naongea. Nakula, nacheka na sahani. Siku moja kanisikia uani nasema, "Usiifungue. Ikianza kunguruma tena niambie, nakuja kuitoa mwenyewe." Mimi naongea na mteja habari ya kompresa. Yeye akajua nina shetani kichwani na tunapatana masharti.

Na miwani nyeusi siivui hata ndani. Akaona ndiyo dalili yenyewe, macho yanaogopa mwanga.

Yale maji ya marashi yalikuwa kombe. Kwa wasio wa pwani, kombe ni aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Alikuwa anaenda kwa ustadh kila alfajiri kuniletea. Mtu wa miaka yake, na miguu inamsumbua.

Hasira zote zikaniisha. Nikamuuliza, sasa mama mbona hukuniuliza tu?

Akajifuta kwa kanga.

"Mjomba wako Athumani nilimuuliza."

Mimi nilikuwa najua nina mjomba aliyesafiri hakurudi. Basi, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Kumbe alikuwa anafanya kazi huko milimani Amani, akarudi nyumbani amebadilika. Anacheka peke yake, anawajibu watu wasiokuwepo. Mama ndiye dada yake mkubwa. Siku moja akamkabili, Athumani unaongea na nani? Asubuhi yake kitanda kitupu. Hajaonekana tena, na mama anaamini yeye ndiye aliyemfukuza kwa lile swali.

Kwa hiyo mimi hakuniuliza. Aliogopa akiniuliza nitaondoka.

Nilikaa chini kando ya zile nazi. Kisha nikaivua miwani nikamvalisha. Simu yangu nikaiweka kwenye jamvi, nikachukua kiswaswadu chake cha vitufe nikajipigia, nikapokea kwa kugusa pale pembeni ya sikio lake, nikatoka nacho nje ya ua nikarudisha mlango.

"Mama, unanisikia?"

Nikasikia vitu vinaanguka.

"Astaghfirullah! Uko wapi wewe?"

"Nipo nje. Naongea na simu, mama. Siku zote hizo nilikuwa naongea na simu."

Niliporudi ndani ameishika miwani anaigeuza huku na huku, anaichungulia kama ndani kuna mtu. Akaivaa tena. Akaivua. Akaanza kucheka, katikati ya kicheko akarudi kulia, akanipiga kofi la bega nikaona nyota. Akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mods watanifungia.

Kesho yake akavaa baibui lake la Idi. Kwa desturi mama wa kijana haendi mwenyewe kuzungumza posa, kazi hiyo ni ya washenga. Nikamkumbusha. Akasema, "Mimi ndiye niliyeharibu kwa kinywa changu, mshenga atakwenda kutengeneza nini?"

Tukaenda Pongwe.

Walitupokea kwa adabu lakini ile ya kumpokea mgonjwa. Mimi nimekaa karibu na mlango, yule mzee kiti chake mbele yangu, shangazi pembeni ya mama. Rehema yuko chumba cha ndani nyuma ya pazia, hajatoka, na haruhusiwi kutoka kwenye mazungumzo kama hayo.

Mama akaeleza yote, mpaka habari ya kaka yake mdogo, kitu ambacho hajawahi kukisema mbele ya wageni. Shangazi akaguna. Nilimwelewa. Hata mimi ningeambiwa kwamba mwehu siyo mwehu ila ni miwani, ningeguna.

Mzee akanyoosha mkono. "Ilete."

Akaivaa. Nikaiweka simu yangu mezani, nikasema yeyote apige namba yangu mzee asikie. Shangazi akaita kuelekea ndani, "Rehema, piga wewe." Naye namba hakuuliza.

Nikamwonyesha mzee pa kugusa. Akagusa.

"Marahaba," akasema kwa sauti, peke yake, katikati ya sebule.

Mama akanitazama kunionyesha kwamba ndiyo hivyo nilivyokuwa naonekana.

Nilijua ataivua hapo hapo, maana kilichotakiwa kuthibitishwa kimeshathibitishwa. Hakuivua. Akasema "Ee." Baada ya kitambo akasema tena "Ee." Shangazi akasogea karibu, lakini kama nilivyowaambia, wa pembeni hasikii kitu. Sauti ya ndani nayo ilikuwa chini mno, pazia halikutikisika.

Kisha mzee akasema polepole, "Mama yako angekuwepo ungemwambia yeye."

Akaivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akanirudishia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," akatuambia. "Mleteni mshenga wenu Ijumaa."

Ndoa ni mfunguo tatu, mwezi wa Hija, inshallah.

Nilikuja kumuuliza Rehema alimwambia nini baba yake. Alinizungusha siku kadhaa. Kwao, kama kwetu wengi, binti hamwambii baba yake usoni kwamba anamtaka fulani. Anamwambia mama, na mama ndiye anayelifikisha. Yeye mama hana, na shangazi ndiye aliyeongoza kukataa.

Akaniambia alisema hivi: "Baba, mimi namtaka huyu, hata kama anaumwa. Nilikosa wa kukuletea neno langu."

Wakuu, hata kama anaumwa. Alikuwa amelibeba hilo wiki nzima bila pa kulitua.

Funzo nililopata siyo kwamba miwani ni mbaya. Bado ninayo, na kwa mwendesha baiskeli naisifu. Ila nikiingia mlangoni kwetu naivua, naiweka juu ya kabati, halafu namwambia mama nimeshaivua. Nilikuwa nawasikia wateja wote wa Tanga, na mtu analia chumba cha pili mwezi mzima sikumsikia.

Jioni moja moja tunakaa ananisimulia habari za mjomba Athumani. Amesema kama nitapata tena kazi Amani, safari hii tutakwenda wote, akaulizie.

Wenye miwani kama hizi mje hapa mtueleze zimewakuta nini. Na wewe unayeishi na mama yako, umeshamwambia hilo dude ulilovaa ni kitu gani? Nasoma comment zote.